Kikosi cha taifa cha raga hupimwa kwa mtu wa pili

Septemba 2023, Kombe la Dunia likiwa limeshapamba moto nchini Ufaransa, Malcolm Marx wa Afrika Kusini aliumia goti mazoezini na mashindano yakamwishia hapo. Marx ni huka, mvaaji wa jezi namba 2, yule anayekaa katikati ya mstari wa mbele wa skramu, pale wanane wa kila timu wanaposukumana kugombea mpira, na kurusha mpira wa lainauti, ule unaorudishwa uwanjani kutoka pembeni. Kanuni ziliruhusu kumwita mtu wa kuziba pengo lake, na wengi walisubiri jina la huka mwingine. Kocha Jacques Nienaber na mkurugenzi wake wa raga, Rassie Erasmus, wakamwita Handré Pollard, namba 10, yaani mwongoza mchezo, ambaye awali aliachwa nje kwa sababu ya jeraha la shavu la mguu.

Kwa hesabu ya kawaida ule ulikuwa uteuzi wa ajabu. Kikosi kilibaki na huka mmoja wa asili, Bongi Mbonambi, na nyuma yake Deon Fourie, mkongwe ambaye wakati huo alikuwa akitumika zaidi kama flanka, pembeni ya skramu. Lakini waliokuwa wakiifuatilia timu ile kwa karibu walijua inavuja wapi. Namba 10 wao, Manie Libbok, alikuwa na pasi za kuvutia na mguu usioaminika mbele ya milingoti. Siku chache baada ya Pollard kuitwa, kabla hajaingia uwanjani, Afrika Kusini walifungwa na Ireland 13-8 katika mechi ambayo mikwaju iliyopotea ilikuwa na thamani ya pointi 11.

Yaliyofuata yanajulikana. Nusu fainali dhidi ya England, Libbok alitolewa hata kabla ya mapumziko, Pollard akaingia, na dakika za lala salama akapiga penalti kutoka karibu na nusu ya uwanja, 16-15. Kwenye fainali dhidi ya New Zealand pointi zote 12 za Afrika Kusini zilitoka mguuni mwake. Siku hiyo hiyo Mbonambi aliumia dakika za mwanzo kabisa, na Fourie, akiwa na miaka 37, akaicheza karibu fainali nzima katika nafasi ambayo kikosi cha siku hiyo hakikuwa na mtu mwingine wa kuishika. Ubingwa ukapatikana kwa 12-11.

Ni rahisi kuita hiyo bahati, na sehemu yake ilikuwa bahati kweli. New Zealand walicheza zaidi ya nusu ya mechi wakiwa 14 baada ya nahodha wao, Sam Cane, kutolewa kwa kadi nyekundu, na bado walikosa mikwaju miwili ambayo wowote kati yake ungeweza kubadili jina la bingwa. Lainauti ya Afrika Kusini iliyumba vibaya baada ya Mbonambi kutoka. Jordie Barrett angeipachika ile penalti ya dakika za mwisho, leo tungekuwa tunasoma makala za jinsi Afrika Kusini walivyojiponza kwa kukataa kumwita huka. Kwa hiyo siutetei uteuzi ule kwa kuwa ulizaa kombe. Nautetea kwa swali ulilojibu. Waliokaa mezani hawakuhangaika kumtafuta anayefanana na Marx. Walijiuliza ni pengo lipi litawaua kwanza, wakaliziba hilo.

Hapo ndipo uteuzi wa timu ya taifa ya raga ulipo, na ndipo sisi watazamaji tunapopapita. Kikosi kikitangazwa, mabishano yote huwa juu ya majina 15 ya kuanza, kana kwamba mechi inachezwa na hao tu na kana kwamba kila mmoja anacheza peke yake. Ukweli ni kwamba katika timu yoyote ya maana, majina 11 au 12 hujiteua yenyewe. Shabiki akikaa na kalamu atayaandika yaleyale ambayo kocha ameyaandika. Kazi anayolipwa mteuzi inaanzia baada ya hapo: mtu wa pili katika kila nafasi, wa tatu katika nafasi chache, na nani anaingia dakika ya 50 miguu ya wenzake ikiwa imeshakwisha. Mteuzi mzuri na mteuzi mbovu wanatofautiana huko chini ya orodha, mahali ambapo hakuna anayepigiwa kelele mpaka siku mambo yanapoharibika.

Anza na kanuni yenyewe. Kikosi cha siku ya mechi ni watu 23, na lazima kila nafasi ya mstari wa mbele wa skramu, yaani propu wawili na huka, iwe na mbadala aliyefunzwa kazi hiyo. Sababu ni usalama: asiyezoea kukaa pale anaweza kuvunjika shingo. Kwa hiyo katika viti vinane vya benchi, vitatu vimeshachukuliwa na kanuni kabla kocha hajafungua mdomo. Anabaki na vitano, na kwa desturi huvigawa kwa loku mmoja wa mstari wa pili wa skramu, mchezaji mmoja wa nyuma ya skramu, namba 9 anayeutoa mpira kwenye skramu, namba 10 na beki mmoja wa kuziba popote.

Italia walionja ukali wa kanuni hii mjini Dublin, Februari 2022. Huka wao wa kwanza aliumia mapema, na wa pili akapewa kadi nyekundu kabla hata dakika 20 hazijaisha. Hapakuwa tena na mtu wa kukaa katikati ya skramu. Skramu zikawa za kuegemeana tu bila kusukumana, na kanuni ikawataka Italia wamtoe mchezaji mwingine zaidi. Wakabaki 13 kwa sehemu kubwa ya mechi na kufungwa 57-6. Simlaumu kocha wao kwa siku ile. Hakuna anayepanga kupoteza mahuka wawili ndani ya robo saa. Ila ndiyo maana vikosi vya Kombe la Dunia hubeba mahuka watatu, na ndiyo maana kamari ya Afrika Kusini mwaka uliofuata haikuwa ya kipofu: Fourie alikuwa amecheza huka kwa miaka mingi katika klabu kabla ya kuhamia pembeni ya skramu. Alipoichezea nchi yake kwa mara ya kwanza mwaka 2022 alikuwa na miaka 35. Wapo waliocheka.

Hesabu ya Kombe la Dunia nayo inabana. Mwaka 2023 kila timu ilipewa nafasi 33. Ukichukua wawili kwa kila jezi umeshafika 30. Huka wa tatu ni 31, propu wa tano ni 32, namba 9 wa tatu ni 33, na orodha imejaa kabla hujamfikiria loku wa ziada au winga anayeweza kurudi kucheza fulbeki, beki wa mwisho nyuma. Hapo ndipo thamani ya mchezaji wa nafasi mbili inapopanda ghafla. Afrika Kusini walibeba namba 9 wanne mwaka ule, jambo lililoonekana ni ufujaji, lakini mmoja wao, Grant Williams, ana mbio za kutosha kuchezeshwa pembeni kama winga.

Hata hivyo kuna mpaka, na naona makocha wengi wanauvuka. Mchezaji wa nafasi mbili ni hazina kwa mabeki wa nyuma na kwa wale wanaocheza pembeni ya skramu. Kwa namba 9, namba 10 na namba 3, yule propu wa kulia anayebeba uzito wa skramu nzima, ni udanganyifu. Namba 3 wa kubumba atavumilia skramu mbili, ya tatu mwamuzi ataanza kupuliza penalti dhidi yake mpaka mwisho. Na namba 10 ndiye anayeamua mpira uende mkono upi, upigwe lini na mechi iharakishwe au ipoe. Kazi hiyo haina msaidizi wa kuokoteza.

New Zealand walilijifunza hilo nyumbani kwao mwaka 2011. Dan Carter aliumia mazoezini wakati wa hatua ya makundi. Colin Slade akarithi, akaumia kwenye robo fainali. Aaron Cruden akarithi, akaumia goti katikati ya fainali yenyewe. Aliyeingia alikuwa Stephen Donald, mtu ambaye wiki chache kabla hakuwemo hata kwenye kikosi na alikuwa anavua samaki simu ya kocha ilipomtafuta. Penalti yake ndiyo iliyotenganisha ubingwa na aibu, 8-7 dhidi ya Ufaransa. Watu huisimulia hadithi hiyo kama muujiza. Mimi huona ndani yake jambo kavu zaidi: namba 10 wa nne wa New Zealand alikuwa ameshaichezea timu ya taifa mechi nyingi, alijua ishara zote za lainauti na miito yote ya mabeki, na alipoingia Eden Park hakuhitaji kufundishwa kitu. Lawama alizobeba miaka ya nyuma kwa mechi walizofungwa zilikuwa ndiyo ada ya shule.

Weka hilo kando ya Australia wa 2023. Eddie Jones aliamua kujenga upya kikosi miezi michache kabla ya mashindano. Akamwacha Michael Hooper, nahodha wa miaka mingi aliyekuwa na mechi 125 za kimataifa na aliyekuwa akiuguza jeraha. Akamwacha Quade Cooper. Akaenda Ufaransa na kijana Carter Gordon akiwa namba 10 pekee anayetambulika kwa kazi hiyo, akisaidiwa na Ben Donaldson ambaye mechi ya kwanza alipangwa fulbeki. Unahodha akampa Will Skelton, ambaye hakuwa amewahi kuubeba katika timu ya taifa. Baada ya mechi moja Skelton akaumia, na propu tegemeo Taniela Tupou naye akaumia. Walifungwa na Fiji 22-15, wiki iliyofuata na Wales 40-6, na kwa mara ya kwanza katika historia yao Australia wakashindwa kutoka kwenye kundi.

Wengi waliandika kwamba kosa lilikuwa kuwaacha wakongwe. Sikubaliani nao moja kwa moja. Kuwaacha wakongwe ni haki ya kocha, na Hooper huenda asingepona kwa wakati. Kosa lilikuwa kufyeka safu mbili kwa mpigo: aliyekuwa wa kwanza aliondoka, na aliyetakiwa kuwa wa pili akapandishwa kuwa wa kwanza, nyuma yake pakabaki uwazi. Gordon hakuwa mchezaji mbaya. Alikosa mtu wa kumpokea mzigo siku ambayo mkono unakataa, na kila namba 10 wa umri ule ana siku kama hiyo.

Ireland nao wana kovu la namna hiyo kutoka 2015. Waliwapiga Ufaransa mjini Cardiff wakamaliza vinara wa kundi, lakini hadi robo fainali dhidi ya Argentina walikuwa wamempoteza Johnny Sexton, Paul O'Connell na Peter O'Mahony kwa majeraha, na Sean O'Brien kwa adhabu. Waliingia uwanjani wakafungwa 43-20. Kwa miaka iliyofuata raga ya Ireland ilizungumza habari ya kina cha kikosi kama watu wanavyozungumza habari za deni.

Sasa benchi. Mwaka 2019 Afrika Kusini walichukua ubingwa Japani wakiwa na mtindo wa kuweka benchi mafowadi sita, yaani watu wa skramu, na mabeki wawili, mstari mzima wa mbele ukibadilishwa kipindi cha pili wakati wapinzani wanahema. Mwaka 2023 wakaenda mbali zaidi: mafowadi saba, beki mmoja. Walianza dhidi ya New Zealand mjini London mwezi Agosti wakashinda 35-7, wakarudia dhidi ya Ireland wakashindwa, wakarudia tena kwenye fainali. Siku ya fainali beki pekee wa akiba alikuwa Willie le Roux. Hapakuwa na namba 9 mwingine wala namba 10 mwingine. Mmoja wao angevunjika dakika ya tano, mechi ingechezwa na mtu asiye wa mahali pale.

Wanaolalamika kwamba mtindo huo unaharibu mchezo wana hoja yao, hasa kuhusu usalama wa watu waliochoka kukutana na watu wazito wasiochoka. Kama suala la uteuzi, hata hivyo, ni fikra safi kabisa. Mteuzi ametambua kwamba jezi za kuanza na jezi za kumalizia zina uzito sawa, na kwamba propu wake wa nne pengine ni bora kuliko propu wa pili wa nchi nyingi duniani. Akauliza faida yake iko wapi, akaijaza mpaka kikomo cha kanuni. Nchi isiyo na mapropu wa kiwango hicho ikiuiga mtindo huo itakuwa imevaa kanzu ya mtu mwingine.

Kuna upande mwingine wa uteuzi ambao takwimu za mchezaji mmoja mmoja haziugusi, nao ni nani anacheza na nani. Mwaka 2013, timu ya Lions, inayounganisha Ireland, England, Scotland na Wales, ilikwenda mechi ya tatu dhidi ya Australia mjini Sydney, mfululizo ukiwa 1-1. Warren Gatland akamwacha Brian O'Driscoll, mmoja wa masenta bora waliowahi kucheza mchezo huu, wala hakumpa hata kiti cha benchi. Katikati akaweka Jamie Roberts na Jonathan Davies, Wales watupu, na kwa jumla Wales 10 wakaanza. Alitukanwa wiki nzima. Lions wakashinda 41-16. Ukimlinganisha Davies na O'Driscoll mtu kwa mtu katika maisha yao yote ya raga, hakuna mjadala. Lakini jozi ya Roberts na Davies ilikuwa imeshacheza pamoja mara nyingi kiasi kwamba mmoja alijua mwenzake atasimama wapi bila kugeuza shingo, na ulinzi wa katikati ni kazi ya kujuana kuliko kitu kingine chochote.

Kinyume chake ni Sam Burgess. Alikuwa jabali wa raga ya ligi, ile ya wachezaji 13, akahamia raga ya wachezaji 15, na ndani ya mwaka mmoja akateuliwa na England kwa Kombe la Dunia la 2015 wakiwa wenyeji. Klabu yake ya Bath ilikuwa inamchezesha fowadi. England wakamweka senta. Luther Burrell, senta kwa kazi, akaachwa nyumbani. England walifungwa na Wales 28-25, kisha na Australia 33-13, wakatolewa hatua ya makundi. Kumtwika Burgess peke yake lawama hizo ni uonevu, na alipotolewa katika mechi ya Wales, England walikuwa wanaongoza. Kilichokosekana ni jozi. England walifika kwenye mashindano ya nyumbani bado wanatafuta nani akae na nani katikati ya uwanja. Mchagua jembe si mkulima, na msimu ulikuwa umeshaingia.

Hapa kuna jambo linalonikera: kanuni za vyama kuhusu wachezaji wa nje. New Zealand huteua wanaocheza nyumbani. England nao, isipokuwa kwa hali ya kipekee, na kwa sababu hiyo Steffon Armitage, mchezaji bora wa Ulaya mwaka 2014 akiwa Toulon, alitazama Kombe la Dunia lililofuata kama mtazamaji. Australia mwaka 2015 walifungua mlango kwa aliye nje iwapo ameshacheza mechi 60 za kimataifa na kuitumikia raga ya nyumbani miaka saba. Matt Giteau na Drew Mitchell wakarudi, Australia wakafika fainali. Wales nao walikuwa na kiwango cha mechi 60, wakakishusha hadi 25 mwaka 2023. Afrika Kusini waliachana na kiwango chao cha mechi 30 kabla ya Kombe la Dunia la 2019, na tangu hapo wamekuwa wakiteua kutoka Japani, Ufaransa, England na popote pale.

Ninaelewa kanuni ya kuwafungia nje wote. Inalinda ligi ya nyumbani, inamrahisishia kocha kuwakusanya watu wake, na mchezaji anajua bei ya kuondoka. Unaweza kuipinga lakini ina mantiki. Kanuni ya kuhesabu mechi ndiyo siielewi. Inamfungulia mlango nani? Nyota mwenye miaka 31 ambaye ameshatumika vya kutosha. Inamfungia nani? Namba 10 wa pili mwenye mechi nane, ambaye ameondoka kwa sababu ileile kwamba yeye ni wa pili: nyumbani hachezi, na klabu ya Ufaransa imempa mkataba na uhakika wa kuanza kila wiki. Huyo ndiye hasa atakayehitajika siku wa kwanza akiumia, na huyo ndiye atakayekuwa anacheza mechi ngumu kila Jumamosi wakati wa tatu, aliyebaki nyumbani, anapasha benchi. Kanuni imetungwa na watu waliokuwa wanawafikiria nyota. Gharama yake inalipwa chini ya orodha.

Kwa mataifa madogo, mlango uliofunguka ni mwingine. Tangu Januari 2022, mchezaji aliyeichezea nchi moja anaweza kuhamia nyingine mara moja tu, akiwa amekaa miaka mitatu bila kucheza mechi ya kimataifa, na akiwa amezaliwa huko au mzazi au babu au bibi yake alizaliwa huko. Wakati huohuo, muda wa kustahili kwa ukaazi uliongezwa kutoka miaka mitatu hadi mitano. Samoa walinufaika: kwenye Kombe la Dunia la 2023 walikuwa na watu waliowahi kuvaa jezi za New Zealand na Australia, na wakawakosa England kwa pointi moja, 18-17. Jean Kleyn, aliyeichezea Ireland kwenye mashindano ya 2019, alitwaa ubingwa na Afrika Kusini, nchi aliyozaliwa. Kwa Samoa maana yake haikuwa kupata nyota tu. Walipata benchi.

Karatasi nazo ni sehemu ya uteuzi. Hispania walikuwa wamefuzu kwa Kombe la Dunia la 2023 kwa jasho uwanjani, kisha wakanyang'anywa pointi kwa kumchezesha mtu asiyestahili, nafasi ikaenda Romania. Mchezaji mwenyewe hakuwa tegemeo la timu. Alikuwa mmoja wa wale wa chini ya orodha ambao hakuna anayejali kuwakagua, na kizazi kizima cha wachezaji kikakosa mashindano kwa ajili ya hati zake. Na haikuwa mara ya kwanza. Hispania, Romania na Ubelgiji wote walikuwa wameadhibiwa kwa makosa ya aina hiyo katika kufuzu kwa 2019, Warusi wakapita.

Basi mtu wa pili anatengenezwaje? Kwa kuchezeshwa, na kuchezeshwa kuna gharama. Mwaka 2024 Erasmus, akiwa amerudi kuwa kocha mkuu, alitumia wachezaji zaidi ya 45 katika mechi 13. Walishinda 11 na kupoteza mbili, kila moja kwa pointi moja. Ya pili kati ya hizo ilikuwa ugenini Argentina, 29-28, siku aliyobadilisha sehemu kubwa ya kikosi kilichokuwa kimetoka kuwafunga New Zealand. Ushindi ungewapa mapema ubingwa wa mashindano ya mataifa ya kusini mwa dunia. Aliuahirisha kwa wiki moja, akawarudisha wakubwa, wakashinda 48-7. Ni kocha mwenye makombe mawili tu anayeweza kufanya hivyo bila kuitwa mwendawazimu. Kocha mwenye mkataba wa mwaka mmoja na waandishi mlangoni atapanga 15 walewale mpaka wachakae, na sidhani ni haki kumlaumu yeye kuliko waliomwandikia mkataba huo.

Na nafasi ya kufanya majaribio inazidi kusinyaa. Mashindano mapya ya mataifa 12, yaliyopangwa kuanza Julai 2026, yanazipa mechi za Julai na Novemba pointi na msimamo, mechi ambazo makocha walizoea kuzitumia kupima vijana. Kisha Kombe la Dunia la 2027 nchini Australia litakuwa na timu 24 katika makundi sita ya timu nne. Bingwa atacheza mechi saba kama zamani, lakini mpangilio umebadilika: hapo awali zilikuwa nne za kundi na tatu za mtoano, sasa ni tatu za kundi na nne za mtoano. Mechi iliyoondolewa ni ileile ya nne ya kundi, ambayo timu kubwa iliitumia kuwapumzisha wakubwa na kumpa huka wa tatu dakika zake 60 dhidi ya mpinzani hafifu. Atakayefika Australia na namba 10 wa pili ambaye hajawahi kuanza mechi ngumu atakuwa hana tena pa kumjaribia.